Konsalting, Kaunseling

Mambo yote yaliharibikia kwenye cherehani. Mama ana ile ya zamani ya kukanyaga kwa miguu, na akianza kushona yunifomu za shule, sebule yetu ya Kitengela hunguruma mpaka vikombe vinatetemeka kabatini. Siku hiyo ya Ijumaa nilitoka chumbani na simu mkononi. Nilikuwa nimesoma ile barua pepe mara kadhaa kuhakikisha si ya matapeli. Nikasema kwa sauti, "Mama, kampuni ya konsalting imenijibu. Watanipigia Alhamisi asubuhi."

Akainua miguu. Cherehani ikanyamaza.

"Kampuni ya nini?"

"Konsalting."

"Bwana asifiwe," akasema, na machozi yakamlengalenga. "Unajua hiyo ndiyo kazi nimekuwa nikikuombea?"

Nilishangaa. Mama yangu hajawahi kuombea konsalting. Yeye huombea vitu anavyovijua: mvua, magoti yake, wajukuu. Lakini mtu ambaye amekaa nyumbani tangu kandarasi yake iishe, anakula ugali wa mamake na kuosha vyombo kwa hasira, hana haja ya kuchunguza furaha ikija. Nikasema amina.

Wacha nieleze nilikuwa nimebanwa wapi. Mjomba wangu, ndugu yake mama, ana duka la dawa za mifugo Kajiado mjini. Alikuwa anatafuta mtu wa familia wa kukaa kaunta, na yeye na mama walikuwa wamepatana kwamba mwezi ukiisha kama sina kazi, mimi naenda. Nilishawahi kumsaidia wakati mmoja nikiwa likizo, na nilirudi nyumbani nikinuka dawa ya kupe hadi kwenye nywele. Wazee wa Kimaasai walikuwa wakiingia wananisalimia "takwenya," naitika "iko" kwa ufasaha mkubwa, halafu wananiuliza ng'ombe anayekohoa apewe nini, na hapo ufasaha wangu unaisha. Sikutaka Kajiado. Nilitaka ofisi yenye lifti.

Mama naye alikuwa na sababu zake. Kaka yangu yuko Uarabuni. Dada yangu ameolewa Kisumu na huja Krismasi akikumbuka. Nilikuwa nimebaki mimi. Kajiado mtu anaweza kwenda asubuhi na jioni akarudi kula kwao, na mama aliurudia mpango huo kila tulipokaa mezani, kama mtu anayeuza sufuria. Kwa hivyo nyumbani kwetu swali lilikuwa moja tu, nitaenda mbali ama nitabaki karibu, na simu ya Alhamisi ndiyo ingelijibu.

Nikaanza kujiandaa. Nilivyoelewa kwenye mtandao, hiyo simu ya kwanza si mtihani wenyewe. Ni dada fulani wa idara ya kuajiri anakuchuja tu, kama majani ya chai, aone kama unaweza kuongea na watu bila kuaibisha kampuni. Atakuuliza wewe ni nani, kwa nini unataka konsalting, halafu atataka mfano wa siku ulipogundua chanzo cha tatizo fulani. Nilikuwa na mfano mzuri kutoka kazi yangu ya zamani, wa takwimu zilizokuwa zinaingizwa mara mbili kwenye kompyuta. Nikasimama mbele ya kioo na kuanza kuukariri kwa Kizungu, na kidevu juu.

Mama alikuwa ananisikia kutoka kwenye cherehani yake, na hakuwahi kuona sababu ya kusikia kitu na kukinyamazia.

"Umejisifu sana," akasema. "Na bado hujasema umeokoka."

"Mama, hawaulizi hayo."

"Sasa watajuaje?"

Nikarudia tena, safari hii kwa haraka ili nimalize kabla hajaingilia.

"Punguza mwendo. Mtu ako na shida hataki kuongeleshwa mbio mbio."

"Nani ako na shida?"

"Si hao watu wako."

Nilidhani anasema watu wa kampuni, na kwamba labda kila mtu ana shida siku hizi. Kesho yake akatoka dukani na pakiti ya tishu, akaniwekea juu ya laptopu. Nikamuuliza ni za nini, akasema nitazihitaji, na si kwa macho yangu mimi. Akaongeza kwamba mtu akilia nisiangalie saa. Mwenye akili timamu angeweka mambo chini hapo na kuuliza vizuri. Mimi nilikuwa nakariri takwimu.

Jumapili ndiyo nilipoelewa. Wakati wa matangazo mama alisimama, akarekebisha kitambaa chake cha kichwa, akasema ana neno la shukrani. "Huyu kitinda mimba wangu," akasema, akininyooshea mkono mbele ya watu wote, "ameitwa kwa kampuni ya kaunseling. Atakuwa anasaidia watu na ndoa zao."

Kanisa likapiga makofi. Mimi nikabaki nimekaa, nimekodoa macho, na mama mmoja wa kwaya akanipiga kiuno kwa upendo. Mchungaji akasema kanisa limelia kwa muda mrefu kwa ajili ya mtu kama huyo, na kile chumba cha nyuma kinachowekwa viti vibovu kitafagiliwa mara moja, maana hakuna haja ya binti wa hapa kuhudumia watu wa mbali na huku nyumbani ndoa zinaungua. Mama alitabasamu mpaka nikaona meno ambayo sikujua anayo. Hapo nikajua ameshanipangia ofisi, nayo iko hatua chache kutoka kwenye cherehani yake.

Nilimngoja nje, karibu na tangi la maji. Nilikuwa nimekasirika mpaka masikio yananichoma.

"Mama, ni konsalting. Si kaunseling. Konsalting."

"Si ndiyo hivyo nimesema?"

"Hapana. Hii ni kampuni. Kampuni nyingine ikiwa na shida, sisi tunaitwa."

"Mnaenda kufanya nini?"

"Tunawauliza maswali."

"Halafu?"

"Tunawasikiliza. Tunatafuta shida imeanzia wapi, halafu tunawashauri."

"Na wao wanafuata huo ushauri?"

"Wengine wanafuata. Wengine wanalipa tu na wanaendelea na mambo yao."

Mama akanitazama kwa huruma ya kweli. "Sasa hiyo na kaunseling zimetofautiana wapi?"

Nikaanza kumweleza habari za ripoti na mikakati, kwa Kizungu cha chuo kikuu. Na kabla sijamaliza, mama akaniambia nisijali, kwa sababu ameshanitafutia watu wa kufanyia mazoezi, na wanakuja Jumanne saa ya chai.

Walikuwa majirani wetu wa kutoka Nyeri, mume na mke watu wazima, washirika wa kanisa letu. Mke hufuga kuku na kuuza mayai. Mzee wake ni broka wa ploti, na ana mdomo wa kukuuzia mawe matupu ya Kona Baridi ukarudi nyumbani ukifikiria utapanda maua gani. Lakini wao kwa wao walikuwa hawaongei. Mtaa mzima ulijua, kwa sababu mama yule alikuwa akiwatangazia kuku chochote alichotaka mumewe asikie.

Nilijaribu kukataa. Nilimwambia mama sijaolewa, na mchumba wangu wa mwisho aliniacha kwa meseji. Akasema hiyo nayo ni uzoefu. Basi wakaja, wakakaa kwenye kochi moja, mmoja huku na mwingine kule, na katikati mto wa kochi. Mama akamimina chai, kisha akakaa kwenye kona na kukunja mikono, kama mtu aliyenunua tiketi.

Mama wa mayai hakungoja aulizwe. "Huyu mtu hanywi chai yangu," akasema. "Anaamka, anavaa, anatoka na tumbo tupu, anaenda kwa kibanda cha mama fulani hapo karibu na steji ya matatu. Siku moja nimetoka kupeleka mayai nikampata huko. Amekumbatia kikombe, anacheka. Kwangu huyo mtu hacheki. Sasa nataka aseme mbele ya huyu daktari, huyo mwanamke wa kibanda ni nani kwake."

Nilitaka kusema mimi si daktari, lakini niliona mama ananitolea macho. Nikafanya kitu pekee nilichokuwa nimejifunza wiki hiyo. Vitabu vya konsalting vinasema ukipewa shida usiiamini. Uliza kwa nini, na ukijibiwa uliza tena kwa nini, mpaka kwa nini zote ziishe.

"Mzee," nikasema, "kwa nini unakunywa chai nje?"

"Mimi hupenda kutembea."

"Kwa nini unatembea mpaka kwa kibanda?"

"Hapo kuna kivuli."

"Saa ya asubuhi kivuli ni cha nini?"

Mzee akatazama dari. Mkewe akafyonya. Nikauliza hivi na vile, na mzee akajibu kuhusu hali ya hewa, kuhusu bei za ploti upande wa Kiserian, kuhusu mbwa wa jirani. Nilianza kuhisi lile joto la masikio. Mimi hasira zangu ziko karibu sana, mama husema nimezirithi kwa shangazi.

"Mzee wangu," nikasema, "kwa heshima zote, mimi niko na intavyu Alhamisi. Kama ni mwanamke, sema ni mwanamke. Kama ni chai, sema ni chai."

Mama yangu akasema "woi" kwa sauti ndogo. Mtoto haongei hivyo na mzee, kwetu Ukambani wala kwao Nyeri. Yule mzee akakiangalia kikombe chetu alichokuwa amekimaliza, akakigeuza geuza.

"Hii yenu," akauliza taratibu, "mmepika na maji gani?"

"Ya bauza," mama akamjibu.

"Ndiyo. Hii ni chai." Akakiweka kikombe mezani. "Ya kwetu ni ya kisima."

Mtu wa Kitengela hahitaji kuelezwa zaidi. Maji ya visima vya kwetu ni ya chumvi. Sabuni haitoi povu, birika inaota ukoko mweupe, na chai ukiitengeneza unaona kama umelilia kwenye kikombe. Mwenye uwezo hununua maji matamu ya bauza, yanayoletwa na lori la tangi. Lakini huyu mzee alichimba kisima kwenye kiwanja chake, akakisifu kwa kila mnunuzi wa ploti aliyepita, na siku ile maji yalipotoka aliita mchungaji aje akiombee. Mkewe naye kwa kumuunga mkono akaacha bauza kabisa. Sasa mzee angeanzia wapi kusema?

Halafu mama wa mayai akauliza, "Yaani ni chumvi?"

"Ni chumvi."

"Hata mimi nasikia hiyo chumvi," akasema. "Kila siku. Nimenyamaza kwa sababu ni kisima chako, nikaona ukiambiwa utavunjika moyo."

Mzee akageuka akamtazama, nadhani kwa mara ya kwanza tangu waingie. Mama wa mayai akaanza kucheka, kicheko kikampanda mpaka kikawa kilio, na mama yangu akanifinya bega ili nitoe tishu. Nilizitoa. Sikuangalia saa. Waliondoka pamoja wakibishana ni nani atamwita mtu wa bauza, na nikawasikia mpaka getini mzee akisema kwamba maji ya kisima bado ni mazuri kwa kuku.

"Umeona?" mama akaniambia, akikusanya vikombe. "Hiyo ni karama." Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Alhamisi ikafika. Mtandao wa nyumbani kwetu hupatikana chumbani kwa mama tu, karibu na dirisha, kwa hivyo nilikaa kitandani kwake nimevaa blauzi ya kazi juu na suruali ya kulalia chini. Mama alikuwa amesimamisha cherehani, amefukuza jogoo, na amejiweka kwenye korido na patipati mkononi ili mtoto yeyote wa jirani akileta kelele apambane naye kwanza. Hakuwa anasikiliza. Alikuwa analinda. Mlango wa chumba hicho haufungi vizuri, na hilo sikulifikiria.

Dada wa kampuni alikuwa na Kizungu laini, cha mtu aliyekunywa maji ya baridi. Nikamweleza mimi ni nani. Nikamweleza kwa nini konsalting. Mambo yalienda vizuri mpaka nikaanza kujipenda. Ndipo akaniomba ule mfano wa kugundua chanzo cha tatizo, na zile takwimu zangu zote zikatoweka. Nilizitafuta, nikakuta mahali zilipokuwa pamebaki kikombe cha chai.

Basi nikaanza nilipoweza. Nikasema, kwa Kizungu cha ofisi, kwamba nilikuwa na wateja wawili washirika hapa Kitengela, na mmoja wao alikuwa amehamishia matumizi yake yote ya asubuhi kwa mshindani. Nikasema mshirika wa pili aliamini kuwa sababu ni uhusiano na mshindani huyo. Nikasema nilifanya mahojiano ya kina. Yule dada akaniuliza ni sekta gani, nikasema vinywaji.

"Na chanzo kilikuwa nini?"

"Maji," nikasema. "Kisima chao kina chumvi, na kila mmoja alikuwa anamficha mwenzake kwamba anaijua."

Nikajua nimejiharibia, nikaanza kuiona kaunta ya mjomba. Kisha nikasikia kitu kama mtu anayejaribu kucheka huku amefunga mdomo. "Hao ni bwana na bibi," akasema, kwa Kiswahili sasa. "Si ni bwana na bibi?"

"Ni majirani," nikakiri.

"Huku kwetu Tuala visima ni vilevile," akasema. "Mimi nimenyamazia chai mwaka mzima." Akacheka kabisa, kisha akakohoa na kurudi kwenye Kizungu chake, akasema ni mfano mzuri na angependa wenzake wausikie.

Likabaki swali moja. Akasema kazi hii ina safari nyingi, na wanaoanza huwa wanapelekwa Kampala au Kigali kwa miezi kadhaa mfululizo. Je, kuna jambo lolote nyumbani litakalonizuia?

Hilo nilikuwa nimeliandaa. Nililijibu bila kuvuta pumzi, kwa sauti iliyonyooka ya mtu aliyeshinda. Nilimwambia hakuna. Nilimwambia hakuna kitu chochote kinachonishika hapa.

Akasema vizuri, atapeleka jina langu mbele, nitegemee intavyu mbili zaidi. Nikamshukuru, nikakata simu, nikaruka juu ya kitanda cha mama na ile suruali yangu ya kulalia. Halafu nikafungua mlango.

Mama alikuwa amesimama palepale koridoni na patipati yake.

"Nimepita," nikamwambia.

"Nimesikia."

Akavaa patipati, akaenda kukaa kwenye cherehani. Aliweka miguu mahali pake lakini hakukanyaga. Nikamfuata, nikaanza kumweleza habari ya yule dada na chai ya Tuala, na akatabasamu mahali pa kutabasamu.

"Kampala ni mbali?" akauliza.

"Si mbali sana. Basi ni usiku mmoja."

"Kaunseling hawapelekangi mtu Kampala," akasema polepole, na nikaona kwamba sasa ameelewa.

"Mama."

"Umemwambia hakuna kitu kinakushika hapa."

"Hiyo ni Kizungu ya intavyu, mama. Kila mtu husema hivyo. Haina maana yoyote."

"Kizungu hata mimi nilifundishwa," akasema. "Hiyo 'hapa' najua ni wapi."

Nilikuwa na furaha, na nilikuwa nimeumia, na nilimkasirikia kwa kunifanya niumie siku ambayo ilikuwa yangu. Nikamwambia bado kuna intavyu mbili, naweza kuanguka zote, mambo hayajaamuliwa. Akasema nitapita. Akasema watu nikiwauliza maswali wanasema ukweli, hata wasipotaka, na hakulisema kama sifa. Kisha akachukua simu yake, akampigia mjomba Kajiado, na bila salamu ndefu akamwambia atafute mtu mwingine wa duka.

"Hapana, hajaandikwa bado," nikamsikia akisema. "Lakini anaenda. Hapana. Mimi siwezi kumwambia abaki."

Alipomaliza akashusha jora la kitambaa cha kijivu cha sketi za shule, akalitandaza kwenye meza. Kazi hiyo hufanya peke yake siku zote. Upande wa mwisho huuwekea pasi ili usiteleze. Pasi ilikuwa pale pale mkononi pake, akaisogeza kando.

"Njoo ushike hapa," akaniambia.

Nikashika. Akaniambia nikaze, nikakaza. Akachukua makasi, akaanza kukata kutoka upande wake, polepole, wala hakuwa na haraka ya kunifikia.